Kamera ya bei poa kwa Simba Day, usidanganywe na megapikseli

IKO hivi. Mchana wa Simba Day au Wiki ya Mwananchi, pale Kwa Mkapa hata simu ya kawaida inatoa picha kali. Mziki unaanza jua likizama. Msanii anapanda jukwaani, taa zinacheza, shabiki anabonyeza na kuambulia ukungu mtupu.

Wengi wakiamua kununua kamera, muuzaji anawapigia hesabu za megapikseli. Achana nazo. Picha ya usiku inabebwa na mwanga. Soma namba kwenye lenzi: 1.8 inaingiza mwanga karibu mara nne ya 3.5. Ndogo ndiyo mpango mzima.

Mfano ni Sony RX100 ya mwaka 2012, ambayo sasa ni ya kusaka kwa waliokwisha kuitumia. Sehemu yake ya ndani inayopokea mwanga ni kubwa kama mara nne ya ile ya Canon SX740. Canon ina zumu ya mara 40, mchana inakuletea kipa wa goli la mbali hadi usoni. Usiku inachemka. Sony nayo zumu yake inaishia mara 3.6, na ukiivuta yote, ile 1.8 inageuka 4.9. Aliyekaa mzunguko atapata jukwaa na shangwe, sura ya msanii asahau.

Flashi? Zima, haifiki jukwaani.

Kabla ya kutoa hela, mpige picha mtu anayetembea kwenye kona yenye giza dukani, kisha ikuze kwenye kioo. Uso ukivurugika, irudishe kabatini.