Nyumba Yenye Nafasi ya Gari: Funzo Kutoka Kawale

Askari anayeishi nje ya kambi ana wajibu wa kufika kazini saa yoyote aitwapo, hata ikiwa ni saa nane za usiku. Kwa sababu hiyo nyumba ya kupanga yenye mahali pa kuegesha gari si anasa kwake. Mji wa Lilongwe nchini Malawi, na hasa kitongoji cha Kawale, unatupa mfano ulio wazi wa ugumu wa kuipata.

MJI ULIOTAWANYIKA

Serikali ya Malawi ilihamisha makao makuu kutoka Zomba hadi Lilongwe mwaka 1975. Mji uligawanywa katika maeneo yenye nambari, nazo nambari hizo hazifuati ujirani. Mgeni asidhani kwamba Eneo la 18 lazima lipakane na la 19. Kati ya Mji wa Zamani, wenye masoko, na upande zilipo wizara, kuna hifadhi ya msitu. Mpango huo hupendeza macho, lakini humlazimisha mkaaji kusafiri kila siku. Mabasi madogo hupita barabara kuu. Sehemu ya mwisho ya safari aghalabu huwa ni ya miguu au ya baiskeli ya kukodi, iitwayo kabaza.

Kawale, yaani Eneo la 7, iko karibu na Mji wa Zamani. Huko nyumba zimesongamana, na ua mmoja waweza kutumiwa na jamaa kadhaa. Mpangaji hana budi kuchagua: akae karibu na soko pasipo nafasi ya gari, ama apate ua mpana mbali zaidi kwa kodi kubwa. Tena akumbuke kwamba Malawi imepata uhaba wa petroli mara kwa mara, kama mwaka 2011 na mwaka 2022. Siku kama hizo gari hulala uani, na anayeweza kwenda kazini kwa miguu ndiye mwenye nafuu.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwanza, usipime kwa macho. Ingiza gari uani, ligeuze, kisha ulitoe. Pili, uliza ni nani wengine wanaoutumia ua huo na nani hufunga lango usiku. Tatu, itazame njia wakati wa mvua, kwani udongo uliokuwa imara mwezi Septemba waweza kuwa tope mwezi Januari. Nne, usimpe dalali fedha kabla ya kuonana na mwenye nyumba. Mkataba utaje kodi, muda, mita ya umeme na nafasi ya gari. Ahadi ya mdomo haitoshi. Mwisho, gari lisiegeshwe kichochoroni na kuwafungia majirani njia ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

JIRANI ASIYE NA HAKI YA KUPANGA

Kawale inatukumbusha jambo jingine. Miongoni mwa wakazi wa Lilongwe walikuwamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, waliokuwa wakimbizi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti kuhusu uhuru wao wa kukaa watakapo. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa mijini warudi kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei askari wakaanza kuitekeleza amri hiyo. Kambi hiyo, iliyokuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Wakati wa amri hiyo ilikuwa na zaidi ya 50,000.

Amri ya namna hiyo huacha vyumba vitupu, na vyumba vitupu huleta kishawishi. Askari aliyepewa kazi ya kumhamisha mtu asiwe yeye wa kwanza kuulizia kodi ya nyumba hiyo, wala kununua kitanda chake kwa bei ya kutupa. Anayefukuzwa hana nafasi ya kujadiliana bei na mwenye silaha. Kutekeleza amri ni kazi ya askari. Kufaidika nayo ni uhalifu dhidi ya mnyonge. Nyumba na itafutwe kwa njia ile ile aitumiayo raia: kwa kuuliza, kukagua, kuandikiana na kulipa kwa stakabadhi.