Kasi ya Mandolini Huanzia Kichwani

Muziki wa bluegrass wa Marekani ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, mpiga mandolini anayetia sauti nne katika kila pigo hugonga nyuzi mara nane kwa sekunde moja. Baina ya sauti na sauti hana hata nafasi ya kufikiri "sasa kidole hiki, halafu kile". Mikono miwili inakutana mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na sauti inatoka safi.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Karl Lashley alieleza kwa nini jambo hilo haliwezi kutokana na vidole peke yake. Vidole vya mwanamuziki stadi, alisema, hupishana upesi mno kiasi kwamba taarifa ya kidole cha kwanza haiwahi kufika kwenye ubongo na kurudi kabla cha pili hakijaanza. Kwa hiyo mfuatano wote lazima uwe umepangwa kabla. Mwanafunzi anayedhani anahitaji misuli zaidi anatafuta kasi pasipo kasi.

Mandolini yenyewe inadai wepesi. Ina nyuzi nane za chuma zilizofungwa kwa jozi nne, zikipangwa sauti sawa na fidla: G, D, A na E. Nyuzi hizo ni fupi na mlio wake hufifia upesi, ndiyo maana anayetaka sauti ndefu hulazimika kuzigonga juu chini bila kukoma. Bill Monroe, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1911, aliangukia ala hii kwa sababu kaka zake walikwisha kushika fidla na gitaa. Tena walimtaka atumie nyuzi nne tu, asije akapiga kelele nyingi! Ndiye huyo aliyekuja kuitwa baba wa bluegrass.

Mpango ule alioueleza Lashley hujengwaje ubongoni? Sehemu kubwa hujengwa mikono ikiwa imetulia. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake waliwafundisha watu kubonyeza vitufe kwa mfuatano fulani. Waliolala usiku waliamka wakiwa na kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 20. Waliokaa macho kwa saa kama hizo hawakupata nyongeza ya maana. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliona jambo la ajabu zaidi: katika mwanzo wa kujifunza, maendeleo yalitokea ndani ya mapumziko ya sekunde 10 baina ya majaribio. Utafiti uliofuata, mwaka 2021, ulionyesha ubongo ukiurudia mfuatano ule wakati wa mapumziko, kwa kasi ya takriban mara 20 ya ile ya vidole.

Vitufe si mandolini, ni kweli. Hata hivyo funzo lake kwa anayeanza liko wazi: ubongo huhifadhi kinachorudiwa, pamoja na makosa yake. Anayekimbiza wimbo huku akikosea anajifundisha kukosea.

Basi achukue kipande kifupi, sauti nne au tano, kwa mapigo 60, sauti mbili kwa kila pigo. Apige kwa sekunde chache, apumzike, arudie. Mkono wa kulia ushuke na kupanda kwa zamu, kifundo kikiwa kimelegea na mwendo ukiwa mdogo. Vidole vya kushoto visiruke mbali na nyuzi, na vikandamize karibu kabisa na kipau cha chuma kilicho kwenye shingo ya ala, kwa nguvu ile tu inayoondoa mkwaruzo. Wengi hubana kupita kiasi, na hapo ndipo mkono hukakamaa na kasi kugoma. Kipande kikitoka safi mara kadhaa mfululizo, aongeze mapigo manne au matano. Kikichafuka, ashuke tena bila kuona haya.

Robo saa kila siku, ikifuatwa na usingizi, ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Na asiye na metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, aitafute kwenye simu yake: programu za bure zipo nyingi.