Lucky Dube na Mtu wa Redio

Siku hizi mkitaka wimbo mnagusa simu, nao unalia. Mwaka 1984 mambo hayakuwa hivyo. Wimbo ulikaa kwenye santuri, santuri ikakaa dukani, na aliyewafanya watu watoe fedha mfukoni kwenda kuinunua alikuwa mtangazaji wa redio. Akiupenda wimbo aliupiga asubuhi, akaurudia jioni, na kabla ya mwezi kwisha hata bibi anayepepeta mchele alikuwa anauimba. Asipoupiga, mwimbaji aliweza kuimba mpaka koo likauke na wasimjue ila majirani.

Sasa, ili tuisikie redio hiyo, twendeni Clairwood, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, ulio kusini mwa jiji, karibu na bandari. Wahindi waliomaliza mikataba ya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Natal walilima mboga huko, wakajenga nyumba na hekalu. Makaburu walipotaka mtaa wote uwe wa viwanda, wakazi walikataa kuhama, ingawa wengi waliishia kusukumwa nje. Reli iendayo Umlazi, makazi makubwa ya Waafrika, inapita hapo hapo.

Basi tegeni sikio hapo, mwaka ule ule wa 1984. Abiria wa Umlazi alikuwa na Radio Zulu. Nyumba za Wahindi zilikuwa na Radio Lotus, iliyoanzishwa Durban mwaka 1983. Kijana wa Kizungu, kwao upande wa pili wa jiji, alisikiliza Radio 5. Zote tatu zilikuwa za shirika moja la utangazaji la serikali, SABC. Watu walikuwa wamegawanywa kwa rangi mashuleni, ufukweni na kwenye mabehewa. Makaburu wakaona haitoshi, wakagawa na mawimbi ya redio.

Ndani ya SABC kulikuwa na kamati ya kupima maneno ya nyimbo. Wimbo ukikataliwa, walichukua kitu chenye ncha wakakwaruza santuri ya maktaba pale pale ulipo wimbo huo, ili sindano isiweze kupita. Kwa hiyo msimlaumu kila mtangazaji wa wakati ule. Wapo waliokuwa na nia, ila santuri ilikuwa imekwisha kuharibiwa. Mwaka 1985 hata Stevie Wonder, Mmarekani, alipigwa marufuku kwa sababu alipopokea tuzo ya Oscar aliitoa kwa heshima ya Nelson Mandela, aliyekuwa kifungoni.

Hiyo ndiyo redio aliyoikuta mwimbaji Lucky Dube. Alizaliwa mwaka 1964 huko Ermelo, akalelewa na bibi yake. Akiwa na ndugu yake Richard Siluma alianza kwa mbaqanga, muziki wa Kizulu wenye gitaa la mbio, uliokubalika redioni. Kila santuri yake iliuzwa nakala kama 30,000. Kisha akapenda reggae, hasa ya Mjamaika Peter Tosh, na mwaka 1984 akatoa Rastas Never Die. Ziliuzwa nakala kama 4,000 tu! Mwaka uliofuata serikali ikaipiga marufuku.

Wengi wangerudi kwenye mbaqanga iliyowalisha. Lucky alifanya ujanja ninaoupenda sana. Jukwaani alipiga mbaqanga watu waliyoifuata, halafu katikati akachomeka reggae, akawatazama. Wakashangilia, wakataka tena. Mwaka 1985 akatoa Think About the Children, na hii ikauzwa vizuri mno. Hakuiacha mbaqanga nyuma moja kwa moja, maana vinanda vyake na ile sauti inayopanda juu kabisa ni vya nyumbani, si vya Jamaika. Wimbo wake Slave wa mwaka 1987 unamhusu mtu aliyetawaliwa na pombe. Nadhani kamati ilipata tabu kuonyesha kosa la wimbo unaomkanya mlevi.

Ukuta wa redio nao ulikuwa na ufa. Tangu mwisho wa 1979, Capital Radio 604 ilirusha matangazo kutoka Port St Johns, katika eneo la Transkei, ambalo makaburu wenyewe walidai ni nchi huru. Kwa madai yao hayo hayo, SABC haikuwa na mamlaka huko! Watu wa Durban walitafuta masafa yake usiku wakasikia nyimbo zilizokataliwa kwao.

Mwaka 1988 Lucky akatoa Together as One, wimbo wa kuwataka watu wa rangi zote wawe kitu kimoja. Husemwa kwamba ndio wimbo wa kwanza wa msanii mweusi wa Afrika Kusini kupigwa kwenye kituo cha Wazungu. Kwa hilo kutokea, kuna mtu studioni aliyeweka sindano juu ya santuri akijua wakubwa wake wanasikiliza.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Mwaka 1991 aliimba kwenye tamasha la Reggae Sunsplash huko Jamaika, na kaseti zake zikawa zinalia kwenye matatu za Nairobi na daladala za Dar es Salaam, tena bila kuuliza kamati. Aliuawa na majambazi Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007, akiwa na umri wa miaka 43.

Radio Zulu siku hizi inaitwa Ukhozi FM. Bado iko Durban, bado ina wasikilizaji wengi kuliko kituo kingine chochote nchini, na vijana wa reggae wenye nyimbo zao kwenye simu bado wanamtafuta mtangazaji wake.