MAPAMBO YA UKUTANI: RESINI AU SAMADI?



Iwapo chama chako kitapokea ombi la mkopo wa kununulia resini ya kutengenezea picha juu ya kioo, yafaa Kamati isilikatae wala isiliidhinishe kabla ya kuifahamu kazi yenyewe.

Resini ni majimaji ya aina mbili yanayochanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Yakichanganyika hupata joto, kisha hugeuka kuwa kitu kigumu chenye kung'aa. Mwenye kukosea kipimo hubaki na uji unaonata usiokauka, na kioo chake kimepotea. Majimaji hayo hudhuru ngozi na mvuke wake hudhuru kifua. Kwa hiyo kazi yataka glavu na mahali penye hewa, si jikoni penye watoto. Tena picha ikikaa juani hugeuka manjano. Fedha hutoka nyingi kabla hata moja haijaingia.

Sasa na tutazame ng'ambo ya Mto Kagera. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara waingia Wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, sehemu ya Gisaka ya kale. Huko iko sanaa iitwayo imigongo, jina ambalo kwetu halihitaji mkalimani. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole juu ya ubao iwe matuta yaliyopangwa kwa pembe na mistari. Ikikauka husuguliwa, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Yasimuliwa kwamba mwanzilishi wake ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyepamba kuta za nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikaribia kupotea. Wanawake wa Nyarubuye waliojiunga katika ushirika ni miongoni mwa walioihuisha.

Hatusemi tuichukue kazi ya jirani na kuiita yetu. Huo ungekuwa udanganyifu, na mnunuzi aliyepita Rusumo angeutambua mara moja. Lakini ufundi wa samadi waweza kubeba michoro ya vikapu na mikeka ya nyumbani kwetu.

Kuhusu kutundika: kioo ni kizito, na ukuta wa udongo hauaminiki kwa msumari mmoja. Kitiwe fremu ya mbao na kishikwe na misumari miwili iliyoingia kwenye nguzo, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Ubao wa samadi huogopa maji. Usiwekwe chini ya bati linalovuja, na vumbi lifutwe kwa brashi kavu. Utundikwe pale mwanga unapotoka ubavuni, kwa maana ndipo matuta hutoa vivuli na mchoro ukaonekana.

Kikundi kianze na mbao mbili au tatu, kizitundike katika ofisi ya chama siku ya malipo ya kahawa. Zisiponunuliwa, hasara ni ya ubao na rangi, wala hakuna mkopo wa kulipa.