Kipimajoto cha Tangi la Maziwa Kikaguliwe

Maziwa yanayofikishwa kwenye kituo cha kupozea hutakiwa kushushwa hadi nyuzijoto 4 na kubaki hapo. Kinachotuonyesha kwamba yamefika ni kipimajoto cha tangi. Hata hivyo, kipimajoto nacho huchakaa. Maji moto ya kuosha tangi, mtikisiko wa mashine na unyevu unaopenya kwenye nyaya hukipotosha kidogo kidogo. Hakizimiki wala hakitoi king'ora. Kinaweza kuonyesha 4 huku maziwa yakiwa nyuzijoto 7 na bakteria wakiongezeka. Maziwa yakikataliwa, anayepata hasara ni mfugaji.

Ukaguzi ni rahisi. Fundi achomoe kipimajoto, akitumbukize katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji safi kidogo, kisha asubiri dakika chache. Kinapaswa kusoma 0. Asitumie maji yanayochemka, kwani katika nyanda za juu, kama vile Nyahururu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100.

Tarehe na tofauti iliyoonekana ziandikwe daftarini. Tofauti ikizidi kukua, kipimajoto kirekebishwe na wataalamu wa vipimo au kibadilishwe.

Mwanachama wa ushirika, uliza kwenye mkutano: chetu kilikaguliwa lini?