Pesa za Kikundi Zinapovuka Mpaka

Kikundi kimoja tulichosafiri nacho kwenda Uganda kuona kilimo cha ndizi kilipoteza pesa pale pale mpakani Busia. Mweka hazina alibadilisha pesa kwa kijana wa barabarani. Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 20 za Uganda, basi akapewa bunda kubwa. Kumbe noti zingine zilikunjwa katikati, zikahesabiwa mara mbili! Tulijua tukiwa tumeshafika mbali.

Tangu hapo tunafanya hivi:

1. Tunabadilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni. Tunapiga hesabu wenyewe kwanza, watu wawili wanahesabu noti, kisha tunadai risiti.

2. Pesa zote hazikai mfuko mmoja. Wanabeba watu watatu.

3. Mwenye kadi anauliza benki yake kabla ya safari: itafanya kazi huko? Makato ni ngapi? Kila ukitoa pesa kwenye mashine unakatwa, kwa hiyo afadhali kutoa mara moja kuliko kidogo kidogo. Mashine ikiuliza kama ikukate kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua pesa za nchi uliyomo, maana bei ya mashine mara nyingi ni ya kuumiza.

4. Namba ya siri haambiwi mtu, hata anayejitolea kusaidia.

Mkirudi, someni hesabu yote mbele ya wanachama. Hizo pesa ni jasho la waliobaki nyumbani.