Magari Yakigongana: Nani Mwenye Kosa, na Nani Mwenye Dhamana?

Baada ya swala ya Ishaa, usiku mmoja wa mwezi uliopita, wazee wawili walinifuata barazani mwa msikiti. Mtoto wa mmoja wao ni dereva wa tuktuk, na wa pili ndiye mwenye gari dogo lililoigonga tuktuk hiyo. Tuktuk ilikuwa imeshika kushoto, ikakata kulia ili igeuze, na gari lililokuwa likija nyuma yake likaipiga ubavuni. Kijana alivunjika mguu, na abiria wake, mama mtu mzima, akaumia bega. Wazee hao husali safu moja, na walitaka niwakatie shauri palepale yaishe.

"Shekhe, ajali haina kinga," alisema mwenye gari. "Hii ni qadari ya Mola."

Mzee mwenziwe akamjibu: "Basi na mguu wa mwanangu utibiwe na qadari?"

Jibu lile lilikuwa kali, lakini halikukosa haki. Sote twaamini kwamba halitupati ila aliloliandika Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, Yeye Mwenyewe, katika Surat An-Nisaa aya ya 92, amemzungumzia Muumini anayeua kwa kukosea, asiyekusudia kabisa, na bado amemwekea kafara pamoja na diya ya kukabidhiwa watu wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakisamehe. Kutokusudia humwondolea mtu dhambi ya kusudi, wala hakumwondolei dhamana ya alichokiharibu. Anayeitumia qadari kuikimbia gharama ya hospitali ameichukua itikadi sahihi akaitia mahali si pake.

Mafakihi wetu waliandika juu ya kugongana karne nyingi kabla ya injini. Imamu Nawawi, katika Minhaj inayosomeshwa kwenye darsa zetu za pwani, anataja wapanda wanyama wawili wanaogongana bila kukusudia na wote wakafa: ukoo wa kila mmoja utatoa nusu ya diya ya mwenziwe. Kwa nini nusu? Kwa sababu kila mmoja amekufa kwa vitendo viwili, chake na cha mwenziwe, na sehemu iliyotokana na kitendo chake mwenyewe haina wa kuidai. Wanyama wao nao huhesabiwa hivyo hivyo, nusu ya thamani kwa kila upande. Mahanafi na Mahanbali wana kauli nyingine, kwamba kila upande hubeba diya kamili ya mwenziwe. Kwa msomaji wa leo, lililo muhimu ni kuwa wanavyuoni waliuliza nani alifanya nini, wala hawakutosheka kuuliza nani aliyeumia zaidi.

Swali hilo ndilo lililorejewa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei mwezi wa Juni 1993. Azimio lake kuhusu ajali za barabarani lilisema kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini. Kwa hiyo anayevuka taa nyekundu asidhani anagombana na askari peke yake. Likasema pia kwamba dereva hudhamini madhara anayoyaleta kwa mwili na mali ya watu, ila katika hali tatu: pakiwa na nguvu kubwa asiyoweza kuizuia, aliyedhurika akiwa yeye mwenyewe ndiye sababu yenye athari kubwa, au kosa likiwa la mtu mwingine, naye huyo ndiye atakayebeba. Wakishirikiana katika kosa, kila mmoja hubeba kwa kadiri ya fungu lake.

Mahakama za Kenya nazo huenda njia iliyo karibu na hiyo. Hakimu hugawa kosa kwa asilimia. Dereva mmoja aweza kubebeshwa 70 na mwenziwe 30, kisha fidia ya huyo wa pili ikapunguzwa kwa fungu lake. Mzigo wa kuthibitisha u juu ya anayedai, kanuni ambayo kila mwanafunzi wa madrasa ameisikia katika mlango wa hukumu. Ifahamike pia kwamba shauri la namna hii si la Kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba imeifunga Mahakama ya Kadhi katika hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Wala si la shekhe aliyeketi barazani na tasbihi yake, ambaye hata mahali pa ajali hakufika.

Tena ziko imani za mitaani zinazopotosha watu. Iliyoenea kuliko zote ni kwamba aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa siku zote. Mara nyingi ni kweli, kwa kuwa anayefuata hutakiwa kuacha nafasi ya kusimamia. Lakini aliye mbele akirudi nyuma ghafla, au akikata njia bila ishara, hesabu hubadilika. Ya pili ni kwamba gari kubwa lazima limlipe mdogo. Huruma hiyo ni njema, lakini si ushahidi. Ya tatu ni kwamba asiyeshtakiwa na polisi hana deni. Mashtaka ya trafiki ni jambo moja na madai ya fidia ni jambo jingine. Mtu aweza kuachiwa katika la kwanza na akalipishwa katika la pili, kwani kipimo cha ushahidi hakilingani.

Nini basi huonyesha kosa? Mahali magari yaliposimama, alama za matairi, vioo vilivyomwagika, upande uliobonyea, mashahidi wasio jamaa, na mchoro wa afisa aliyefika. Mwendo pia huangaliwa, kwani katika maeneo ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Abstrakti ya polisi huthibitisha kwamba ajali ilitokea na nani walihusika, lakini peke yake haikati kauli kuhusu mkosa. Dereva anawajibika kusimama na kutoa jina lake. Asipolitoa, apige ripoti polisi mapema awezavyo, na zisipite saa 24. Chukua nambari ya OB, piga picha kabla magari hayajasogezwa, na aliyeumia ajaziwe fomu ya P3. Madai ya fidia ya mwili yana muda wa miaka mitatu. Nimeona watu wakingoja "mazungumzo ya kifamilia" mpaka muda ukapita.

Hapa pana jambo linalowatatiza waumini. Mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Je, aseme uongo? Hasha. Kueleza lililotokea ni kitu kimoja, na kutamka hukumu ni kingine. Sema ulikuwa kwenye mwendo gani, uliangalia wapi, uliona nini. Hayo ni ushahidi, na kuuficha ni dhambi. Asilimia ya kosa iache kwa hakimu, kwani huenda hata wewe unajidhulumu kwa fadhaa ya saa ile.

Sulhu ni kheri, nami si mpinzani wake. Lakini imekuwa desturi wazee kukaa kitako siku ya tatu ya msiba, wakasoma Fatiha, kisha wakamwambia mjane: "Tumeshasamehe." Nani amewapa idhini? Diya ni mali ya warithi, na mrithi aliyebaleghe aweza kuliachilia fungu lake kwa hiari yake. Fungu la yatima halisamehewi bure na ami wala na imamu. Vivyo hivyo sheria ya nchi huwapa wategemezi wa marehemu haki ya kudai. Mzee akitia saini karatasi kwa shilingi elfu chache kisha watoto wakakosa karo, asidhani amepatanisha.

Wale wazee wawili sikuwahukumu. Niliwaambia kijana na yule mama watibiwe kwanza, kisha waende kituoni kila mmoja na maelezo yake, na wakitaka sulhu waifanye baada ya kujua nani alifanya nini. Mwenye gari hakufurahi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alikuwa amechelewa na huenda alikuwa akikimbia.

Ijumaa iliyopita baba wa kijana alinivuta kando baada ya khutba. Alinambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amekiri hakuwasha taa ya kugeukia. Nikamwuliza kama ameyasema hayo kwa polisi.

"Bado, shekhe," alisema. "Tutakwenda Jumatatu, na mwenye gari amesema atatupeleka yeye."